Cheki ya Watu Arobaini

Mama Wairimu wa Woodley, hapa Nairobi, amefariki, na mimi ndiye niliyepika chakula cha mazishi yake. Nilipikia watu mia nne, na hakuna hata mmoja aliyepata wali mkavu au nyama ngumu, kwa sababu mimi nikipika sibahatishi. Nasema hivyo bila kuona haya. Nina majiko mawili, moja mtaa wa Satellite na jingine Westlands, nina magari matatu ya kubebea chakula, na ukutani mwa ofisi yangu imetundikwa diploma ya upishi wa hoteli niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo, bila harambee na bila mjomba. Wanaotaka kujua nilizaliwa wapi na wazazi wangu walikuwa watu wa aina gani wataniuliza siku nyingine. Leo nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka niliorudi kutoka Doha nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikakodi chumba cha nyuma kwa Mama Wairimu, na nikapeleka benki cheki ya uongo kwa mikono yangu hii. Watu huniuliza siri ya kufanikiwa, nami huwaambia habari za bidii na kuamka mapema. Habari hii sijawahi kumwambia mtu.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya jikoni zamani, kabla mwenye nyumba hajastaafu na kuona kwamba stoo inaweza kumlipia umeme. Nyumba za Woodley zilijengwa na kaunsili ya jiji enzi za watu wengine, zina paa la vigae, bomba za chuma na ua mrefu wa kaiyaba wenye miiba inayoweza kumzuia hata mwizi mwenye haraka. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama huo ua, mlango wa kutokea nje, na mlango mwingine wa mbao ulioingia jikoni kwa Mama Wairimu. Huo wa pili ulikuwa umefungwa kwa komeo upande wake, nami upande wangu nikausimamishia kabati ili nisiuone. Nilikuwa nimeonyeshwa vyumba Satellite, vikubwa zaidi na vya bei nafuu, lakini Satellite ilijaa watu wa kwetu. Nilijua nikihamia huko, kufikia Jumapili kila mtu atakuwa anajua nimekula nini na nimerudi na nini. Mimi nilitaka watu wanione nikiwa nimekwisha kusimama. Kwa hiyo nilichagua mahali ambapo hakuna aliyenijua, na nikakipata nilichokitaka, kwa kipimo kilichojaa hadi kumwagika.

Kwa miezi saba sikulifungua lile sanduku langu kubwa la safari mpaka chini. Nguo za juu nilizitoa, zile za chini ziliendelea kukaa kama abiria wanaongoja kuitwa. Nililifunga na kulilaza kando ya kitanda, likawa meza yangu. Hapo ndipo nilipoweka sahani, nikala ugali na mrenda, au dagaa za omena zilizokaangwa mpaka zikalia, huku diploma ikiniangalia kutoka kwenye msumari juu ya mto. Katika jiko la hoteli kule Doha tulikuwa watu sitini, na hakuna siku nilikula bila mtu kunigusa kiwiko. Sasa nilikuwa nikisikia meno yangu mwenyewe. Saa kumi jioni, kila siku ya Mungu, Mama Wairimu aligonga ule mlango wa mbao mara mbili kwa fundo la kidole na kusema, “Mami, karibu chai.” Nami kila siku nilijibu kupitia kabati, “Asante Mama, niko na kazi.” Mara nyingi nilikuwa nimelala chali, nikihesabu misumari ya dari.

Kupitia mlango huo nilimjua mama yule kuliko nilivyowahi kumjua mtu kwa kumtazama. Alikuwa mjane, mstaafu wa ofisi za jiji, Mkikuyu aliyezaliwa Pumwani ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni. Bintiye Wairimu, aliyekuwa akiishi Marekani, alikulia hapo Woodley na Kikuyu chake kilikuwa cha salamu tu. Kwa hiyo walizungumza kwa Kiswahili, na kwa sababu masikio ya mama yalikuwa yamechoka, simu iliwekwa kwenye spika na mimi nikapata pande zote mbili. Wairimu alipiga saa kumi na mbili za jioni, kwake ikiwa asubuhi, na swali lake halikubadilika: “Mum, hauko peke yako?” Na jibu la mama halikubadilika: “Mimi? Nyumba imejaa watu.” Baada ya simu kukatwa nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe kimoja. Sikuwa mjinga, nilijua nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa mimi.

Nilikuwa na biashara, tena nzuri. Nilipika chakula cha mchana nyuma ya nyumba, nikakipeleka ofisi tatu za Westlands. Walikula mpaka wakalamba vifuniko, lakini waliniita “mama wa chakula”. Nilikuwa nimeongoza karamu ambazo mawaziri walishiba, sasa msichana wa mapokezi ananiita mama wa chakula na kuniambia nipitie mlango wa nyuma. Ndipo nikapata ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita Bwana Desmond. Alisema shirika lake linaandaa mkutano wa siku moja Westlands, orofa ya saba ya jengo alilolitaja, watu arobaini, na kwamba amesifiwa chakula changu. Kiingereza chake kilikuwa kile kile cha wakubwa wangu wa Doha, chenye adabu kavu na nukta mahali pake. Aliniita Chef. Tena aliniuliza diploma yangu niliisomea wapi na ilichukua muda gani. Tangu nishuke uwanja wa ndege hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nilimwandikia jibu refu, refu kuliko barua yoyote niliyowahi kumwandikia mwanamume, na akanijibu kwamba inaonekana nimetoka mbali. Ningejua basi, ningelia papo hapo. Lakini nilifurahi, nikakaa siku nzima nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Cheki ililetwa na mtu wa pikipiki ndani ya bahasha nene. Ilikuwa cheki ya benki, ile ambayo benki yenyewe ndiyo huiandika na ambayo watu wa Nairobi huiona sawa na pesa mkononi. Lakini ilikuwa kubwa kuliko bei yangu, karibu mara mbili. Bwana Desmond alieleza kwamba mhasibu ameunganisha malipo yangu na ya mwenye mabasi ya wageni, kwa hiyo nichukue yangu na hiyo ziada nimtumie mwenye mabasi kwa simu, kwa kuwa yeye hana akaunti. Leo mtoto wa shule angecheka. Mimi niliona ni jambo la kawaida, kwa sababu kule nilikotoka wahasibu walikuwa wakifanya mambo ya ajabu kuliko hayo, na kwa sababu mtu aliyeniita Chef hakuweza kuwa mwizi.

Benki nilipangiwa dirisha la msichana aliyeitwa Jacinta, mwembamba, mwenye sauti ya chini na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alipokea cheki, akaigeuza, akaniambia taratibu, “Dada, hii tumeipokea, lakini ngoja ikomae. Kesho kutwa ukija pesa itakuwa ni yako kabisa.” Nilimwambia siwezi kungoja kesho kutwa, mwenye mabasi anangoja sasa. Akasema hata salio likionekana kwenye simu, bado si pesa, ni ahadi. Maneno hayo, si pesa ni ahadi, ninayo mpaka leo. Lakini siku ile niliyasikia kama msichana wa mapokezi akinielekeza mlango wa nyuma. Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba mimi si mteja wa kawaida, kwamba nimekuwa nikituma pesa katika benki hii kutoka ng’ambo miaka sita kabla yeye hajajua kufunga tai, na kwamba aniitie mkubwa wake. Foleni yote ikageuka. Meneja, mwanamume mnene aliyekaa ndani ya kioo, alitazama akaunti yangu kwenye kompyuta, akatazama foleni, akampungia Jacinta mkono kwamba anifungulie pesa zile. Hakuandika kitu wala hakutia sahihi. Jacinta aligonga muhuri wake, akanisukumia karatasi bila kuniangalia. Nilitoka pale kichwa juu, na kabla sijafika kituoni nilikuwa nimemtumia mwenye mabasi ziada yote.

Kesho yake niliamka saa tisa alfajiri. Nilikuwa nimenunua sokoni Toi kuku ishirini, na si wale wa duka waliolainika kama sifongo, wa kienyeji wote. Nilipika wali wa nazi, mukimo wa viazi na mboga, kunde za karanga na maandazi madogo ya iliki. Mama Wairimu aliamshwa na harufu, akafungua dirisha la jikoni na kusema tu, “Leo ni leo.” Nilipakia kila kitu kwenye teksi mbili. Saa sita kasorobo nilisimama ndani ya jengo lile la vioo Westlands, nimevaa koti jeupe la upishi lenye jina langu kwenye kifua, na vyombo kumi na vinne vya kuhifadhia joto miguuni pangu. Bawabu, mzee wa kwetu kwa lafudhi yake, aliangalia vyombo, akaangalia koti, akauliza naenda kwa nani. Nikamwambia mkutano wa orofa ya saba.

“Orofa ya saba ni ya mawakili watatu na printa,” akasema. “Wa maua alikuja mwezi huu, wa mahema akaja, sasa umekuja wewe wa chakula. Hii harusi ni ya nani, madam?”

Hakuwa akinicheka, alikuwa akinihurumia kwa njia pekee aliyoijua. Nilipiga simu. Bwana Desmond alishika mara moja, sauti tulivu kabisa. Akasema, “Chef, kuna mabadiliko kidogo, tutakula Alhamisi,” kisha akaniomba nimwongezee mwenye mabasi kiasi kingine kidogo ili asiondoke. Nataka niseme ukweli hapa. Kwa muda wa kama dakika moja, huku bawabu akinitazama, nilikuwa tayari kutuma. Haikuwa kwamba nilimwamini. Nilijua. Lakini nikikataa, basi hakukuwa na mtu yeyote Nairobi aliyewahi kuniuliza diploma yangu niliisomea wapi. Nilikata simu. Nilipompigia tena haikushikwa.

Unapoweka cheki ya uongo, kuna saa fulani ambayo wewe umeshajua na benki bado haijajua. Hiyo ndiyo saa ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu yote yanayofuata huamuliwa hapo. Benki ilikuwa hatua mia tatu kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Ningeweza kwenda na koti langu na kuku wangu. Badala yake niliita teksi nyingine mbili, nikarudisha chakula cha watu arobaini mpaka Woodley, na njiani nikawa napiga hesabu za mkimbizi. Katika akaunti kulikuwa kumebaki sehemu yangu ya cheki ile, bado inaonekana kwenye simu kama pesa. Wakala aliyenipeleka Doha mara ya kwanza alikuwa amenipigia wiki ile ile kuhusu nafasi mpya. Kesho asubuhi ningetoa zilizobaki kwa mashine, ningelipa tiketi, na cheki ingerudi benki ikikuta mimi niko hewani.

Mama Wairimu alikuwa amekaa nje akichambua mboga. Alitazama vyombo vikishushwa, vyote vikiwa bado vimefungwa. Nilimwambia mkutano umeahirishwa.

“Mkutano unaahirishwa, mami,” akasema, akinyanyuka na kupangusa mikono. “Kuku haiahirishwi.”

Akachukua simu yake. Ndani ya nusu saa ua wa nyuma ulijaa: akina mama wa kikundi cha kanisa, majirani wa pande zote mbili, fundi wa mabomba na mkewe, walimu wawili wastaafu. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye ukingo wa maua. Nilisimama nyuma ya meza na mwiko, nikawapakulia watu ambao nilikuwa nimepishana nao miezi saba bila kuwapa hata habari ya asubuhi. Mzee mmoja wa nyumba ya pembeni, mwenye kofia ya sufu, alipofika mbele yangu aliipokea sahani, akaitazama, akawageukia wenzake. “Huyu wa Doha amekaa hapa tangu mvua hajatusalimia, leo anatulisha kuku wa kienyeji. Aseme mapema anagombea kiti gani, tujue kama tunampa kura.” Watu walicheka mpaka mtu akapaliwa. Mimi pia nilicheka, kwa sababu uso unaweza kufanya mambo mengi wenyewe. Kisha mama mmoja mfupi wa kikundi akasimama kuomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya binti huyu aliyekwenda mbali akarudi na baraka, akamwomba amzidishie mara arobaini. Wote wakasema amina. Sikuonja chochote. Nilikuwa nikitazama midomo ikitafuna chakula changu na kusikia ladha ya chuma mdomoni mwangu.

Walipoondoka niliosha vyombo, nikaingia chumbani, nikampigia Bwana Desmond mara kumi kwa spika bila kushikwa, kisha nikalifungua sanduku. Nguo zilizokuwa chini kwa miezi saba zilikuwa bado zimekunjwa. Nilianza kuzirudishia zile za juu. Saa kumi na mbili simu ya jikoni ikalia, sauti ya Wairimu ikajaa upande wa pili wa mlango, ikauliza swali lake, na mama akajibu jibu lake. “Mimi? Nyumba imejaa watu,” akasema, “na leo sikudanganyi, hata viti havikutosha.” Wairimu akauliza kulikuwa na nini. Niliacha kukunja nguo.

“Sherehe ya msichana wangu wa nyuma,” mama akasema. “Ameibiwa.”

“Amekwambia?”

“Aniambie aje, na chai yangu tu hanywi? Nimeona. Bahasha ililetwa na pikipiki, akanipita mbio akisema anaenda benki. Mtu hapiki kuku ishirini halafu asionje hata shingo. Na alipokuwa kwa hicho chumba nimemsikia anapigia namba moja mara kumi, haishikwi.”

“Sasa atafanya nini?”

Mama alivuta kikombe karibu. Nilisikia kijiko kikizunguka. “Kesho asubuhi ataenda benki awaambie, kabla hawajamwita. Huyo si mtu wa kungoja kuitwa. Huyo, Wairimu, ako na diploma.”

Alilisema neno hilo kama watu wengine wanavyosema mtu ana ng’ombe mia. Nilikaa juu ya sanduku. Nilikuwa nimejisifia kwa kila mtu aliyekuwa tayari kusikia na kwa wengi ambao hawakuwa tayari, lakini kusifiwa nikiwa sipo, na mtu ambaye chai yake nilikuwa nimeikataa karibu mara mia mbili, hilo lilikuwa geni. Nililia kwa kuuma taulo, ili sauti isipite. Kwa jinsi nilivyoujua ule mlango, nadhani ilipita.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa benki, hata kabla ya askari kufungua. Nilikuwa na bahasha, karatasi ya kuwekea cheki, na simu ambayo sikuwa nimefuta ujumbe hata mmoja, ingawa kidole changu kilikuwa kimewashwa usiku kucha. Nilimwendea meneja ndani ya kioo chake na kumwambia kwamba cheki niliyoleta juzi ni ya uongo, kwamba itarudi leo, na kwamba pesa zilizobaki sijazigusa, azifunge. Alinitazama kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sinia. Kisha akafanya mambo upesi: akaizuia akaunti, akapiga simu makao makuu, akanituma kituo cha polisi nikaandikishe, akaniambia nisimjibu tena yule mtu kwa lolote. Kituoni polisi aliandika polepole, akasimamisha kalamu, akaniuliza, “Sasa wewe ndiye umeibiwa ama wewe ndiye umeiba?” Nilimwona ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba lilikuwa swali la haki. Jina lililo kwenye karatasi ya kuweka cheki ni la aliyeiweka, si la aliyeitengeneza. Ningekuwa nimetoa zilizobaki asubuhi ile, nisingekuwa na jibu. Yule mwenye mabasi alikuwa ameshatoa zote siku ile ile, na laini yake ikafa.

Nilidhani hapo nimemaliza, na nikaanza hata kujisifu moyoni kwamba nimefanya jambo gumu. Jambo gumu lilikuwa bado. Siku ya tisa meneja aliniita. Dirishani pa Jacinta alikuwa amekaa kijana mwingine. Meneja alinikaribisha kiti, akaniagizia chai, akaniita madam. Mbele yangu akaweka karatasi iliyokwisha kuandikwa, ikisubiri sahihi yangu tu. Ilisema kwamba mimi mteja sikuelezwa na mhudumu wa dirishani kwamba cheki haijakomaa, na kwamba mhudumu huyo alinipa pesa kwa uamuzi wake mwenyewe. Alinieleza kwa upole kwamba nikitia sahihi, hili litakuwa kosa la mfanyakazi, na benki itabeba sehemu kubwa ya hasara. Nisipotia, nitalipa yote mwenyewe. Nikauliza Jacinta yuko wapi. Akasema amepumzishwa nyumbani uchunguzi ukiendelea, tangu siku ile niliyoripoti. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kwa hiyo wakati nikijisifu, msichana aliyeniambia si pesa ni ahadi alikuwa amekaa nyumbani siku tisa. Nilikunywa ile chai. Nilihitaji ile sahihi, msomaji, usidhani vinginevyo. Biashara yangu ilikuwa imekufa, kodi ilikuwa inakaribia, na meneja alikuwa mkarimu kwa sababu alijua mkono wake uliopungwa hauna maandishi. Mashahidi wa mkono ule waliojulikana kwa jina walikuwa wawili tu, Jacinta na mimi. Niliomba karatasi tupu. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule, herufi kubwa na zilizonyooka, kwamba nilionywa, nikakataa, nikapiga kelele mbele ya watu, na kwamba meneja aliruhusu kwa ishara ya mkono. Neno “nilionywa” lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Mtu aliyejifundisha mwenyewe kila kitu hana mazoea ya kuandika kwamba aliwahi kuambiwa jambo la kweli na mtu mdogo kwake akalipuuza. Meneja aliisoma, akaacha kuniita madam.

Jacinta alirudishwa kazini, tawi jingine. Nilimngoja siku moja jioni nje ya jengo lake, nikiwa nimebeba maandazi ya iliki ndani ya kibweta. Alinitambua kutoka mbali na akataka kupita, kisha akasimama. Nilimwambia samahani. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza wateja.

“Sikuambii asante,” akasema. “Nilikuambia ungoje. Ungesema yote ile siku uliripoti, sio tu mambo ya cheki, singekaa nyumbani nikidanganya mama yangu niko kwa likizo.”

Alichukua maandazi, lakini sikumwona tena. Sikudai zaidi. Sehemu iliyosalia ya mwaka ule niliosha sufuria na kukata vitunguu katika jiko la chini ya ardhi la mkahawa mmoja Westlands, mimi mwenye diploma, nikiwa chini ya kijana aliyekuwa akichemsha tambi mpaka zinakuwa uji, na mshahara ulipoingia, benki ilichukua deni lake kwanza. Sikumwambia mtu jikoni mle mimi ni nani. Ulikuwa mwaka wa upweke kuliko yote niliyoishi, pamoja na ile ya ng’ambo. Lakini saa kumi za jioni siku zangu za mapumziko, fundo la kidole lilipogonga mara mbili, niliondoa kabati. Mama Wairimu alifungua komeo upande wake. Hatukuzungumza kamwe juu ya cheki. Alinimiminia chai yenye maziwa mengi mno kwa ladha yangu, nikainywa, na alipopigiwa simu na Wairimu sikuondoka mezani.

Juzi, siku ya tatu baada ya mazishi, nilikwenda Woodley kuchukua sufuria zangu. Ningeweza kumtuma dereva, ninao watatu. Nilipita kwa nyuma. Chumba changu kimerudi kuwa stoo, kimejaa viti vibovu na magazeti, lakini msumari wa diploma bado uko ukutani. Kabati halipo. Nilikuwa nimeinama nikihesabu mifuniko niliposikia sauti jikoni. Ilikuwa ya Wairimu, aliyerudi kumzika mama yake na ambaye sasa nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Waombolezaji walikuwa wameondoka jana yake, turubai limeteremshwa, ua mzima ulikuwa na mimi na yeye tu. Alikuwa akizungumza na mtu wa huko kwake kwa simu ya spika, na mtu huyo akamuuliza kama yuko peke yake.

“Mimi? Hapana,” Wairimu akasema. “Nyumba imejaa watu.”

Simu ikakatwa. Nikasikia kijiko kikianza kuzunguka ndani ya kikombe. Niliweka mifuniko chini taratibu, nikapangusa mikono kwenye sketi, nikagonga ule mlango wa mbao mara mbili kwa fundo la kidole. Kijiko kikasimama.

“Ni nani?”

“Ni mimi,” nikasema. “Wa nyuma.”